Mwanamume wa Chumba cha Juu

Leo nacheka, lakini siku ile, kama Mji wa Kale ungekuwa na shimo la kunitosha ningeingia na kuomba lifunikwe, maana sijawahi kutazamwa na watu wengi vile nikiwa na nguo chache vile, tena ukutani, mkubwa kama mlango wa ghala.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni, intaneti bado kitu kigeni kwetu, nami na mwenzangu Salma tulikuwa na kiofisi cha ghorofani karibu na Ngome ya Yesu, tukitengeneza tovuti za nyumba za wageni. Sifa yetu (tuliyojipa wenyewe) ni kwamba mwenye nyumba aliweza kubadilisha maneno na picha za tovuti yake bila kutuita, na akiona kasoro aliiandika kwenye ukurasa maalumu, sisi tukaishughulikia, na ikisha tukaandika "imefungwa". Kasoro zilikuwa kazi yangu, na ukweli ni kwamba nilipenda kuona ule ukurasa mtupu kuliko nilivyopenda kuona kasoro zenyewe zimekwisha, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Bi Rukia, mteja wetu mpya, mjane mwenye nyumba ya wageni vichochoro vichache tu kutoka kwetu, akaandika: "Kuna mwanamume chumba cha juu. Simtaki."

Mimi (jua kali, tumbo limejaa biriani) nikasema moyoni, mama huyu amekosea ukurasa, mambo ya wageni wake yanatuhusu nini sisi? Nikamjibu: "Hiyo si kasoro ya tovuti. Mwambie atoke." Kesho yake akaandika tena: "Nimemtoa, amerudi. Sasa yuko hata chumba cha chini, na hana shati." Ningeweza kuinua simu, ningeweza kuvaa viatu nikaenda kuona, lakini wapi! Nikaandika "Mwite polisi", nikagonga IMEFUNGWA, nikajipongeza kwa kazi nzuri.

Siku ya kuizindua tovuti Bi Rukia akaalika majirani, wenye nyumba za wageni wenzake, na mgeni mkubwa, Bwana Mutua, aliyekuwa akileta watalii kutoka bara. Salma alikuwa amenionya kwamba bibi akimkosa bwana huyu ataacha biashara, na nyumba ya marehemu mumewe itageuzwa ghala. Mimi sikuwa nimefika kwake hata mara moja, aliyekwenda kumfundisha ni Salma.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia mlangoni.

"Marahaba, mwanangu." Akanikazia macho. "Mbona sura yako naijua?"

Nikatabasamu. Nilidhani nimeanza kuwa maarufu.

Madirisha yakafungwa, projekta ya kuazima ikaelekezwa ukutani, na Bi Rukia akaketi mbele ya kompyuta kuwaonyesha watu kwamba anajiwezea. Akachagua picha ya chumba cha juu, akaandika "Kinang'aa, kina samadari na upepo mwanana", akabonyeza. Kwa laini za simu za wakati ule picha haikuja mara moja, ilishuka polepole kama pazia. Ikaja dari. Zikaja nywele. Kikaja kipaji cha uso, macho yaliyofumbwa, mdomo wazi (wazi hasa, hadi magego), halafu fulana iliyopanda juu, halafu kitambi. Changu!

Ni picha aliyonipiga Salma nimelala mkekani ofisini baada ya chakula, nami kwa uvivu nikaitia kwenye mashine iwe ya majaribio, kwamba chumba kikikosa picha yake itokee hiyo, kisha nikasahau kuiondoa.

"Ndiye yuyu huyu!" Bi Rukia akapaza sauti, kidole kwa mimi wa ukutani, kisha kwa mimi niliyesimama. "Si mulinambia amefungwa?"

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama mmoja akauliza kama chumba kinakodishwa pamoja naye. Bwana Mutua hakucheka, akachukua mkoba wake akainuka, na Salma akanitazama kwa jicho ambalo silisahau.

Nikainamisha kichwa, na nilipoinamisha ndipo nikaona maneno chini ya picha: "Kinang". Basi! Mengine yote yamemezwa.

"Bi Rukia," nikasema, "hebu andika 'kizuri', usiandike 'kinang'aa'."

Akaandika. Chumba kikaja, kitupu, kizuri.

"Sasa rudisha lile la kwanza."

Nikarudi mimi na kitambi changu. Ukumbi ukalipuka, lakini safari hii nilicheka nao, kwa sababu nilishaelewa: ni kile kialama cha ng', mashine ilidhani sentensi imekwisha pale, ikatupa yaliyobaki, pamoja na picha, ikaniweka mimi.

"Bwana Mutua, tafadhali, kikombe kimoja cha kahawa tu," nikamwomba.

Akasita, akaketi. Nikaketi na mimi, watu wananipumulia shingoni, nikaifunza mashine kukubali kile kialama, jasho linanitoka kama niko jikoni kwenye harusi. Kisha nikampisha Bi Rukia. Akaandika neno lake lilelile, akabonyeza. Ikaja dari, zikaja boriti (watu wanangoja nywele), ikaja samadari, kile kitanda cha nakshi, mito, dirisha, na chini yake "Kinang'aa" nzima nzima. Mwanamume hayupo! Vigelegele vilivyopigwa mle ndani, ungedhani nimeoa.

Bwana Mutua akaja akanishika mkono. "Nina karani anaitwa Ng'ang'a," akasema. "Tangu tulete kompyuta, mashine inamwita Ng, na kila fundi anatuambia hakuna kasoro. Jumatatu uje." Akamgeukia Bi Rukia: "Nawe mama, tandika vitanda. Wageni wanakuja."

Na walikuja, na ile nyumba haikuwa ghala. Wenye nyumba watatu wengine walitupa kazi jioni ileile, ingawa mpaka leo kuna watu Mji wa Kale wakiniona huuliza kama nimeshatoka chumbani. Wacha waulize. Nimeapa sitafunga tena kasoro ya mtu bila kuiona kwa macho yangu, na Jumatatu ile, Ng'ang'a alipoanza kunieleza shida yake kwa urefu, nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Usinieleze, kaka," nikamwambia. "Andika, nione."