Siku ya Sitini na Nane

Zhuang Qinghe alikuwa fundi wa miavuli ya karatasi katika mji wetu mdogo, ng'ambo ya mto kutoka Zhangzhou. Kila baada ya siku kumi kinyozi Kang alimnyoa kuanzia paji la uso hadi utosini, kisha akazisuka nywele za nyuma msuko mmoja mrefu. Karne mbili zilikuwa zimepita tangu Wamanchu walioiteka China wawaamuru babu zake wachague: wanyolewe nywele au wakatwe kichwa. Qinghe hakuyafikiria hayo. Msuko wake wa kwanza alisukwa na mama yake, akauona kuwa wa mama yake.

Mama huyo alifariki mwezi wa pili. Mtoto aliyefiwa na mzazi hagusi wembe siku mia moja, ndiyo desturi, na sheria ya mfalme inaitambua. Qinghe aliziacha za mbele ziote.

Siku ya sitini na nane jeshi la serikali liliukomboa mji wa Zhangzhou kutoka kwa waasi. Waasi hao walikuwa wameukana msuko, wakaacha nywele ziote kichwa kizima. Waliokimbia walivuka mto, na askari wakawafuata, wakipekua vichwa. Mpiga mbiu alitangaza kwamba kesho asubuhi, mwanamume mwenye nywele juu ya paji atahesabiwa mwasi.

Kang alikuja na beseni lake bila kuitwa.

"Kaa, ndugu yangu. Wenzako wote wameshanyolewa."

"Nina msiba, kaka. Sheria iko upande wangu."

"Waambie wakupe nafasi ya kuisoma."

"Zimebaki siku thelathini na mbili tu."

"Marehemu hana haraka. Wale wana haraka."

Mama yake mdogo, dada wa marehemu, alikuwa akimenya viazi mlangoni. Alinyanyuka, akaweka mikononi mwa Qinghe vipande viwili vya mwanzi vya kuulizia wafu.

"Muulize mwenyewe. Usimsemee."

Qinghe alipiga magoti mbele ya kibao chenye jina la mama yake, akauliza kama anaruhusiwa kunyoa, akavirusha. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu amekubali. Vyote vililala chali.

"Anakucheka," alisema mama mdogo. "Rusha."

Vyote vikalala kifudifudi.

"Amekataa."

"Dada yangu alikataa kila kitu mara ya kwanza. Hata baba yako alipomposa, alimkataa. Rusha."

Mara ya tatu alikataa tena. Qinghe alitaka kuinuka, lakini mkono wa mama mdogo ulikuwa begani mwake, mzito kuliko alivyoutarajia. Mara ya tano kimoja kililala chali, kingine kifudifudi.

Kang akamnyoa. Nywele zilidondoka majini, fupi, kama vumbi la mpunga.

Asubuhi wanaume walipangwa uwanjani. Ngozi ya uso wa Qinghe ilikuwa imechomwa na jua. Juu ya paji ilikuwa nyeupe kama maganda ya yai. Askari alipitisha kidole pale rangi zilipokutana.

"Jana palikuwa na nywele hapa."

"Nilifiwa na mama."

"Katika mji huu akina mama wengi wamekufa. Wewe ni wa tisa kuniambia hivyo leo."

"Basi kuhusu wangu muulize dada yake. Yule pale."

Mama mdogo alijipenyeza katikati ya watu, kisu cha viazi bado mkononi. "Niulize, mwanangu. Au nikupeleke kaburini? Udongo haujakauka."

Askari akamtazama yeye, akakitazama kisu, akaugeuza msuko wa Qinghe. Ulifika kiunoni. Nywele za namna hiyo huota kwa miaka, na waasi waliikata misuko yao. Akamsukuma upande wa waliopona. Wanaume wawili wa mtaa ule hawakusukumwa upande huo.

Jeshi liliondoka mwezi wa sita. Siku hiyohiyo Qinghe alimwambia Kang asije tena na wembe.

"Kwani hukumaliza matanga?"

"Naanza upya, siku ya kwanza."

"Mama yako mdogo anasema zimebaki thelathini na mbili."

"Zile sitini na nane ulizimwaga na maji, kaka."

Kang alirudi mwezi wa tisa, siku mia zilipotimia na alipoitwa, akamkuta akipaka mwavuli mafuta, nywele zimesimama juu ya paji.