Mkono Wangu Ndani ya Kapu

Juzi mjukuu wangu alinijia na daftari lake la Kiingereza. "Bibi, hili neno allot maana yake nini?" Nikamjibu pale pale: kumgawia mtu fungu lake. Akacheka, maana anajua niliishia darasa la nne. Kiingereza changu chote kimenitoka, ila neno hilo limegoma kutoka.

Tulikaa Temeke, enzi za Mwingereza, wakati Temeke ni minazi na mihogo tu. Babu alipofariki aliacha shamba na wana watatu: baba mkubwa, baba yangu na baba mdogo. Arobaini ilipokwisha, bibi akataka shamba ligawanywe kwa kura. Likapigwa vigingi, mafungu matatu. Minazi ililingana, ila fungu moja lilikuwa na kisima, na kisima kile hakikukauka hata kiangazi. Kila mmoja alikitaka na hakuna aliyesema. Baba mdogo peke yake ndiye aliyetania: "Mie nipeni hata penye kichuguu, nitaoa mchwa."

Nilikuwa jikoni nachuja nazi, mikono imelowa tui, bibi aliponiita. "Njoo, mke mwenzangu. Wewe mtoto, huna upande."

Desturi ilitaka vijiti vilivyokatwa sawasawa, kila kimoja na alama yake ya mkaa, ili mkono usijue unachoshika. Siku ile watu walikuwa na haraka. Bibi akasema kila mtu atie kapuni alicho nacho. Baba mkubwa akatia kipande cha kifuu, baba mdogo kokoto. Baba yangu akang'oa kifungo cha shati lake.

Wakanifunga leso machoni. "Fungu la kisima!" bibi akaita.

Nikaingiza mkono. Niligusa kifuu, nikakiacha. Nikagusa kokoto, nikaliacha. Kifungo kile nilikijua, mimi ndiye niliyekishona. Nikakitoa.

"Kifungo kina miguu, eh?" sauti ya baba mkubwa ikasema. "Kimejitembeza chenyewe?"

"Kaka, kura ni kura," baba alijibu.

"Kura gani? Mwanao amepapasa kapu zima, nimemwona!"

Nikasikia vishindo, kapu likapigwa teke, kiti kikavunjika. Nilipoivuta leso baba alikuwa chini, damu inamtoka puani, na baba mkubwa ameshika panga la kufyekea. Baba mdogo alikimbilia katikati akiwa amenyoosha mikono yote miwili, anasema, "Kaka, kaka, jamani, ni maji tu haya." Panga lilimshukia shingoni. Mlio wake ulikuwa kama wa kupasua dafu. Alianguka juu ya kigingi, miguu ikapiga mchanga muda mrefu, halafu ikaacha. Bibi alijitupa juu yake, akaloa kifua kizima. Jikoni wali uliungua na hakuna aliyeuepua.

Askari walimchukua baba mkubwa. Hakurudi.

Miezi ikapita, nikarudi shule. Siku moja mwalimu akaandika ubaoni allot. Akatueleza kwamba ndani yake mna neno la kale, lot, yaani kipande cha mti. Watu wa zamani huko Ulaya walitia vipande chomboni, wakavitoa bila kuchagua, na kila mtu akachukua fungu lililomwangukia. Baadaye neno likabaki na maana ya kumpangia mtu sehemu yake, hata pasipo kura. "Waliipenda kura," alisema, "kwa sababu hamna mkono wa mtu ndani yake."

Darasa zima likaitikia. Mimi niliuficha mkono wangu chini ya dawati.

Sikumwambia mtu. Nadhani baba alijua. Kisima kilikuwa chake, lakini hakunywa maji yake hata siku moja. Mama alifuata maji mbali, ndoo kichwani, na baba hakumweleza kwa nini. Shati lile alilivaa miaka, pengo la kifungo wazi kifuani, na hakuniomba nimshonee kingine.

Leo kisima kimefukiwa, juu yake pana nyumba ya wapangaji. Minazi imekatwa. Bibi, baba na mama wametangulia. Kati ya waliokuwepo siku ile nimebaki peke yangu.

Mjukuu wangu alisubiri, kalamu mkononi. "Na neno lenyewe limetoka wapi, bibi?"

Nikamwambia akae chini. Nikaanza na kapu.