Nasimiyu Anatafuta Pawa Isiyonguruma

Kamati ya Wakazi wa Kotazi za Stesheni iliwajulisha wakazi wote kwamba transfoma ya mtaa ilikuwa imebadilishwa, kwamba stima ingerudi Jumapili saa kumi na moja jioni, na kwamba tangu saa hiyo hakuna mkazi ambaye angekuwa na sababu ya kuwa na wasiwasi. Tangazo lilikuwa na muhuri. Stima ilirudi saa kumi na moja na dakika mbili, jambo linalostahili pongezi. Dakika ya tatu, kompyuta ya Nasimiyu ilitoa mlio kama wa bisi moja ndani ya sufuria, ikazima, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua.

Kilichokufa ni pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Mafundi wa Nakuru hukiita pawa tu. Kina feni ndani, na hiyo feni ndiyo itakayotusumbua.

Nasimiyu ana miaka arobaini na saba. Babu yake alitoka Bungoma kuja kuchochea makaa kwenye injini za reli, na ukoo haujawahi kupata sababu ya kutosha ya kurudi. Yeye husoma matangazo ya vifo kwa redio moja ndogo ya mjini. Hurekodi nyumbani kila asubuhi, amejibana kati ya kabati na ukuta, blanketi limening'inia nyuma ya kichwa, halafu hutuma. Saa saba mchana watu kutoka Naka hadi Salgaa huacha kutafuna kidogo wasikie kama ni mtu wa kwao. Ana sauti tulivu, kama ya mtu anayekuonyesha kiti. Kazi nyingine hana.

Jumatatu mtayarishaji wa kipindi, Bwana Ndegwa, alisoma vifo mwenyewe, pamoja na mafua yake. Nasimiyu alikuwa mjini akinunua pawa.

Alianzia kwa Odongo, fundi wa ghorofa ya pili nyuma ya soko. Odongo alimtolea pawa kuukuu iliyotoka kwenye mashine ya daktari wa meno.

"Hii haisikiki, mama. Wagonjwa walikuwa wanasikia drili peke yake."

"Ina vumbi."

"Vumbi ni ya nje."

"Na ni nyepesi."

Odongo alikubali kwamba haikuwa nzito, akampa aende nayo ajilinganishie. Mlango wa tatu kutoka hapo, kijana mmoja nadhifu aitwaye Peterson alikuwa na pawa mpya ndani ya boksi lenye picha ya radi. Boksi lilisema wati mia saba hamsini. Naye Peterson alimwachia aende nayo, mradi aache kitambulisho.

Hapa inafaa kusema jinsi familia ya Nasimiyu inavyonunua vitu. Mamake, Nakhumicha, alilea watoto sita kwa kanuni moja: kitu kikiwa kizito, kina kitu ndani. Kwa kanuni hiyo alinunua sufuria, vitenge, kabeji na, wakati wake ulipofika, jeneza la baba yao. Basi Nasimiyu alishuka sokoni na pawa mbili kwapani, moja kwa moja hadi kwenye mizani ya Kipruto, muuza viazi kutoka Keringet.

"Mathe, hiyo ni nyama ya mnyama gani?"

"Wewe pima."

Ya daktari ilikuwa kilo moja na nusu. Ya Peterson ilikuwa kilo mbili na robo.

"Hii imeshinda," alisema Nasimiyu.

"Imeshinda," alisema Kipruto. "Lakini mimi nauza viazi kwa gunia, na kuna siku nimenunua jiwe kwa bei ya kiazi."

"Wewe ni wewe. Hii imetoka dukani."

Kipruto akageukia wateja wengine. Nasimiyu akairudisha ya daktari kwa Odongo, kisha akamlipa Peterson na kuchukua kitambulisho chake.

Pawa ya Peterson iliwaka vizuri Jumanne. Ilikuwa na taa ya buluu. Ilipofika dakika ya nne ikaanza kunguruma, kwanza kama friji, halafu kama kitu kinachosaga friji. Nasimiyu alisogeza maikrofoni. Akaongeza blanketi la pili, akasoma marehemu watano huku jasho likimtiririka, akajiambia kwamba redioni haitasikika. Saa saba alijisikiliza akiwa amesimama. Saa saba na dakika kumi simu ililia.

"Dada Nasimiyu, yule mzee wa Njoro alikufia posho mill, unga ukisagwa?"

"Ni feni, Bwana Ndegwa. Narekebisha."

"Mwanawe amenipigia. Anasema baba yake alikuwa mtu wa kupenda utulivu." Akapiga chafya. "Mimi sina neno. Lakini meneja anasema kesho ikiwa hivyo, kuanzia Alhamisi atasoma Natalie. Ana laptopu."

Hakuna mtu aliyekuwa na ubaya na Natalie, msichana mzuri wa mtaa wa Section 58 ambaye hutamka "mazishi" kana kwamba ni maonyesho ya mitindo. Nasimiyu hakula chakula cha jioni. Mara mbili aliiwasha kompyuta aone kama labda imezoea. Haikuwa imezoea.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa ameketi mbele ya Odongo, kompyuta yake mapajani. Odongo alifungua pawa ya Peterson kwa bisibisi, akaiinamisha. Ndani kulikuwa na waya chache, feni nyembamba kama biskuti, na kipande cha saruji kilichopakwa rangi nyeusi na kukazwa kwa skrubu mbili.

Odongo alikigonga kwa bisibisi.

"Wameipiga hata plasta," alisema Odongo. "Mama, wewe umenunua ukuta."

"Nipe ile ya daktari."

"Umeacha kuogopa vumbi?"

"Odongo, saa nne narekodi. Nataka kwanza niisikie."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Dukani kwa Odongo huwezi kusikia chochote isipokuwa muuza dawa ya panya na kipaza sauti chake. Walijaribu kwenye ngazi, pakawa na kelele za welding ya vyuma. Mwishowe Odongo aliazima ufunguo wa ukumbi wa jirani, ambapo watu huomba kila saa saba mchana, na wakati huo ulikuwa na viti vya plastiki tu. Wakaweka kompyuta madhabahuni kwa sababu ndipo penye soketi. Odongo akaunganisha, akawasha, akarudi nyuma. Nasimiyu akafumba macho.

"Washa," alisema.

"Nimewasha."

"Mbona sisikii?"

"Si ndiyo ulitaka?"

"Nitajuaje kama inafanya kazi?"

Odongo akamshika mkono, akauweka nyuma ya mashine. Hewa ilikuwa inatoka, kidogo, ya uvuguvugu.

"Itadumu?"

"Mimi nimeokoka, mama. Siwezi kuapia kitu cha stima."

Nasimiyu alifika nyumbani saa nne kasorobo. Alisoma marehemu sita, na nyuma yao hapakusikika kitu. Ndegwa alijibu kwa neno moja: sawa. Alhamisi akasoma tena, na Ijumaa, na Natalie akapewa habari za hali ya hewa.

Wiki iliyofuata meneja mwenyewe alipiga simu. Alisema wasikilizaji wamependa sana ule utaratibu mpya, wa kunyamaza sekunde kadhaa baada ya kila marehemu. Wanasema una heshima. Nasimiyu alishukuru. Sekunde hizo ndizo anazozihitaji kunyoosha mkono nyuma ya mashine na kuhakikisha kwamba hewa bado inatoka.