Mama Hakukalia Choo Changu

Admin, naomba ufiche jina langu, na nyinyi mtakaonitambua kwa kisa hiki, nawasihi mnyamaze. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa na mtu wa huko huko kwetu. Tunaishi Kitengela kwenye nyumba tuliyoitengeneza kwa kontena moja. Ni ndogo kweli. Ukiketi kitandani unafungua friji bila kuinuka. Mtoto wetu mmoja yuko bweni, kwa hivyo tulionelea inatutosha.

Wakati wa kujenga, kitu kilichotugombanisha ni choo. Mume wangu alitaka cha shimo nje karibu na ua, kile cha kuchutama. Mimi nilitaka cha kukalia, cheupe, ndani, vile nilivyoona kwenye simu. Nilimwambia sikuja Kitengela kuvaa gambuti nikikanyaga matope meusi kila nikibanwa. Fundi wetu, mzee Mmaasai wa Isinya, aliweka chini futi yake ya kupimia akaniuliza, "Na mama yako akikuja, atakalia hapo mkwe wake amekalia? Kwetu hiyo haiwezekani." Nilimcheka. Nikamwambia afanye kazi aliyoitiwa.

Mwaka jana mama alikuja kutibiwa goti. Mnajua kwetu mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake, kwa hivyo mume wangu alihamia kwa rafiki yake mjini bila hata kuombwa. Alikuwa akija jioni, anasalimia akiwa mlangoni, bila kumpa mkono, anaacha mboga na dawa, anaondoka. Mama alimpenda kwa hiyo heshima. Alisema, "Huyu amelelewa."

Siku ya tatu mama aliniita nikae karibu naye. Aliongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kitu. "Mwanangu, kile kiti mkwe wangu huketi uchi. Mimi nitakikaliaje? Ingekuwa shimo ningechutama tu, hakuna mwili kugusana." Akaniambia amekuwa akienda kwa ploti ya jirani, lakini sasa wamekifunga choo chao kwa kufuli. Akaniuliza kama naweza kumtafutia pengine.

Mimi nina mdomo. Nilikuwa nimechoka, nguo ziko kwa beseni, nikamjibu vile singemjibu mtu wa nje. "Mama, hii ni Kitengela. Na wewe si umeokoka? Hayo mambo ya mila uyaache huko nyumbani. Choo ni choo." Alivuta leso akafunika magoti. Hakurudia hayo maneno tena, nami nikajiambia ameelewa.

Hakuwa ameelewa. Alikuwa ameacha kunywa.

Daktari alikuwa amemwambia zile dawa anywe na maji mengi. Mimi namwekea chai, nikirudi kikombe kiko tupu, nafurahi. Kisha siku moja nikawa namwagilia maua yangu ya kopo pale mlangoni, udongo ukanuka maziwa yaliyochacha. Nilisimama hapo na jagi mkononi. Nilijua. Wapendwa, nataka mnielewe vizuri hapa: nilijua siku hiyo. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na nikaamua kumpaka mafuta badala ya kumuuliza. Niliona kiu ikimbana sana atanyenyekea mwenyewe. Nilitaka nishinde.

Siku ya tisa alianguka akitandika kitanda. Hospitalini walisema mwili umekauka maji, na figo zimeumia. Alikaa siku nne. Siku ya mwisho nilimwekea kijiko cha maji mdomoni, akageuza uso. Mpaka leo sijui kama alikuwa amezidiwa au alikuwa bado anaogopa kubanwa.

Mazishini kaka zangu hawakunong'ona. Mkubwa wetu alisimama mbele ya watu akasema, "Mama alitoka hapa akitembea. Mkwe gani ananyima mama maji?" Mume wangu aliinamisha kichwa. Nilingoja ajitetee, hakujitetea, na mimi mwenye kujua nikaendelea kulia kama wafiwa wengine.

Tuliporudi ndipo akaniambia kwa nini alinyamaza. Kuna jioni alisimama mlangoni akaniambia, "Maji ya lori la boza imekaribia kuisha, tutumie pole pole." Mama alikuwa ndani akisikia. Anaamini mama alijinyima maji kwa ajili ya hayo maneno. Alilia kama mtoto akisema, "Nilimuua na mdomo wangu." Nilimshika mgongo. Nikasema pole. Sikusema lingine.

Ameongeza tangi la pili. Akitoka kazini, kabla ya kuvua viatu, anajaza jagi na kuliweka mezani, na hakuna anayekunywa. Mimi nami siwezi kukalia kile kiti. Nikiingia nasikia leso ikivutwa. Nimemwomba jirani ufunguo wa choo chake, na mume wangu anadhani chetu kimenichosha kusafisha.

Sasa Jumamosi hii anaenda Bungoma. Amewaomba kaka zangu wakae na wazee wa ukoo, apige magoti, akiri kwamba alimnyima mama maji, aombe msamaha. Jana nimemwona akijaribu shati jeupe mbele ya kioo huku akinong'ona yale atakayosema. Alifika mahali pa kutaja jina la mama, akashindwa, akaanza tena. Aliniona. Akaniuliza, "Nikisema hivyo, watanisamehe?"

Nikamwambia watamsamehe.

Nyinyi mlio na wazazi na mlio na waume, niambieni ukweli hata kama utaniuma. Nikisema, nitapoteza ndoa na ndugu zangu kwa siku moja. Nikinyamaza, mtu mwema atapiga magoti kwa dhambi yangu, na nitakuwa nimekaa na wanawake, nikitazama. Leo ni Alhamisi. Nianzie wapi kumwambia?