Nilivyomtaja Opiyo

Watu wa mtaa wetu wa Mbotela huniita msanii, nami hunyamaza tu. Wangejua!

Naitwa Andati. Tangu mwaka wa sabini na mbili nilikuwa nikizitungia nyimbo bendi za baa za Jogoo Road, na ujuzi wangu ulikuwa mmoja: kutaja majina. Ukimtaja mtu kwenye wimbo, umempa heshima. Fundi viatu akisikia jina lake kwenye santuri, wiki nzima anatembea kifua mbele. Watu walinisimamisha njiani, "Andati, mimi utanitaja lini?" Wengine walininunia kabisa kwa kuachwa. Opiyo, jirani yangu wa ukuta mmoja, nilimtaja kwenye nyimbo tatu. Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa.

Mwaka wa sabini na tisa watu wa televisheni wakanitafuta. Nyimbo zako zinachekesha, walisema, basi tuandikie vichekesho, kila wiki kimoja. Nikanunua televisheni, ya kwanza katika laini yetu ya nyumba. Jumapili jioni majirani walikuja na stuli zao, sebule ikajaa mpaka mlangoni.

Lakini vichekesho vina njaa kuliko nyimbo. Miezi michache tu nikaishiwa. Wiki moja sikuwa na hata mstari, na Jumatano lazima nipeleke karatasi. Ndipo nikakumbuka siri ya Opiyo. Alikuwa karani mjini, akafutwa kazi mwezi wa pili. Hakumwambia mkewe, Anyango. Kila asubuhi alifunga tai, akabeba mkoba wake aliofunga kwa kamba ya kiatu kwa sababu kifungo kilikufa, akaenda kukaa kwenye bustani mjini hadi saa kumi na moja. "Omera, ndugu yangu, hili ni lako na langu," aliniambia.

Nikaliandika. Tai, mkoba, kamba ya kiatu, vyote. Hata jina sikubadilisha! Nilijidanganya kwamba kutajwa ni kutajwa, kwamba Opiyo atacheka na kesho atembee kifua mbele. Uongo mtupu. Nilijua ninachofanya. Nilitaka tu karatasi ijae.

Jumapili ikafika. Opiyo na Anyango walikaa mbele kabisa. Mwigizaji akatokea, akaketi kwenye benchi la bustani, akafungua mkoba uliofungwa kwa kamba ya kiatu, akatoa chakula alichofungiwa na mkewe. "Mimi Opiyo," akasema, "meneja wa benchi hili!"

Wee! Nyumba nzima ilipasuka kwa kicheko. Opiyo alicheka kuliko wote, "Umenitaja, omera! Umenitaja!" huku macho yake yako sakafuni. Anyango hakucheka. Alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Twende nyumbani, Baba Odero." Wakatoka, watu wakiwapisha.

Asubuhi nilienda kuomba msamaha. Anyango alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Shemeji," akasema, "mimi nilijua tangu mwezi wa tatu. Tulipata msiba, nikaenda ofisini kumwita, wakaniambia hayupo tena. Nikanyamaza. Nikaendelea kumpigia shati pasi, nikamfungia chakula, jioni nikamwuliza habari za kazi, ili atoke hapa akiwa mwanamume mpaka apate nyingine. Leo hataki kuamka. Watoto wanamwitia dirishani, 'Meneja! Meneja!'"

Mimi, mtu wa maneno, nilisimama pale kama mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani. Nikasema pole, akaitika kwa adabu, kisha akasema, "Nenda kazini, shemeji," akafunga mlango.

Jumanne, mtu wa televisheni akaja mwenyewe hadi kwangu, anatabasamu. Simu zimepigwa siku mbili mfululizo, alisema, watu wamempenda sana huyu Opiyo, niandike zaidi. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia huyo ni mtu, ana mke, amelala nyuma ya ukuta huu unaouegemea. Mdomo huu uliotaja nusu ya mtaa haukuweza kusema hivyo.

Niliandika vipande vingine kumi na vinne. Nilikuwa nikiipiga taipureta polepole, herufi moja moja, na blanketi chini yake, ili Opiyo asisikie.