Michongoma ya Baba Mkwe

Wamisionari wa kwanza waliopanga bustani ya misheni yetu lazima walikuwa na kamba ndefu na muda mwingi. Njia zote zilinyooka, mawaridi yalikaa katika miraba, na katikati ulipita ua wa michongoma uliomfikia mtu kichwani. Wao walirudi kwao, bustani ikabaki mikononi mwetu waumini, tuliojitolea kuitunza kila Ijumaa kabla ya Sabato. Shukrani tuliyopewa ilikuwa uji, nao ulikuwa mwepesi.

Jambo moja hawakulifikiria: chinsoni, ile heshima yetu inayomkataza mke wa mwana kumkaribia baba mkwe wake. Mimi nilipalilia mawaridi. Baba mkwe alikata michongoma. Akikohoa kwenye njia hii, mimi nilibeba jembe nikahamia ile nyingine, na njia zote zilikutana palepale katikati. Kuna asubuhi niliizunguka bustani nzima bila kung'oa gugu hata moja.

Mzee aliupenda ua ule kuliko ng'ombe wake, na ng'ombe wake aliwapenda sana. Lakini mwaka aliozaliwa mwanangu wa kwanza, macho yake yalianza kumdanganya. Ua ukapanda na kushuka kama vilima vya Nyamira. Mchungaji wetu, mtu mpole, akamwambia kwamba Sabato iliyofuata wangekuja wageni, na ua ukionekana hivyo, mkasi atapewa mtu mwingine. Nilimhurumia mzee hadi chakula kikanishinda.

Ijumaa nilisimama upande wangu wa michongoma, mtoto mgongoni. Kumwelekeza mkwe wangu ana kwa ana nisingethubutu, kwa hiyo nikazungumza na mtoto.

"Mwanangu, naona hapo mbele ya babu pameinuka kidogo."

Mkasi ukanyamaza, kisha ukakata.

"Mwambie mama yako nimesikia," mzee akasema ng'ambo ya ua. "Na hapa je?"

"Mwambie babu ashushe kidogo. Basi, asije akafika mizizini."

"Mwambie mama yako sikuanza kukata michongoma jana."

Tukaenda hivyo mpaka mwisho wa ua, tukibishana kwa adabu kupitia mtoto aliyelala fofofo.

Sabato, mchungaji alipita na wageni, akauangalia ua kutoka huku, akauangalia kutoka kule. Ulikuwa umenyooka. Akamuuliza mzee nani amemsaidia.

"Mjukuu wangu," mzee akajibu. "Ana jicho zuri."

Wote wakamgeukia mtoto, ambaye hakuwa na jino hata moja. Mchungaji akacheka, akamwambia mzee abaki na mkasi wake. Mimi nilisimama mbali, kama ilivyonipasa, nikisikiliza mwanangu anavyosifiwa kwa kazi yangu. Nilitaka kukasirika. Kisha nikamwona baba mkwe akitabasamu, huku akitazama kando, si usoni mwangu, kwa heshima, na nikampenda mzee yule kama baba aliyenizaa.