Maji ya Kwanza ya Vitambaa vya Altare

Mke wangu amefua vitambaa vya altare vya kanisa letu hapa Mkolani tangu watoto wetu wakiwa shule ya msingi. Mwaka juzi viungo vya vidole vyake vilianza kuvimba. Kufua aliweza, kukamua kukamshinda. Anakunja kitambaa, anakaza, halafu anabaki amekishika tu huku maji yakichuruzika.

Mwanzoni mwa Kwaresima, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mwema kabisa, alikuja nyumbani.

"Dada, pumzika sasa," alimwambia. "Baada ya Pasaka tutampa mwingine."

Mke wangu alishukuru, akamsindikiza mgeni hadi njiani. Aliporudi aliingia jikoni, akaanza kusugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Mimi ni katekista, na kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa mota katika kiwanda cha pamba. Uzeeni Mungu amenipa furaha ya kufufua mashine za kufulia za zamani, zile zenye pipa la chuma na rola mbili juu yake za kukamulia nguo. Nilizokwisha kutengeneza zote zilikuwa za watu. Nikakumbuka kwamba masista wa upande wa Sengerema walikuwa na moja stoo, nikavuka ziwa kwenda kuiomba. Kuku walikuwa wanatagia ndani.

"Chukua, mwalimu," sista mkuu aliniambia, "ila mayai utuachie."

Pale Kamanga wachukuzi waliipakia kwenye kivuko huku wakizichungulia zile rola.

"Shikamoo mzee. Unaanza biashara ya juisi ya miwa?"

"Marahaba. Ya mashuka," nikajibu, wakacheka mpaka karibu waiangushe ziwani.

Karibu Kwaresima yote niliifanyia kazi. Niliondoa kutu kwa msasa, nikafunga beringi mpya, nikasuka upya nyaya za mota. Rola ndizo zilizonitesa, maana mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Kwanza nilizivalisha tyubu ya baiskeli, nikajaribu kwa fulana yangu nyeupe. Mke wangu aliinua fulana ile ikiwa na mistari myeusi.

"Punda milia huyu ni wa nani?"

Nilianza tena. Fundi seremala alinichongea miti miwili, nami nikaivalisha mpira mweupe mnene wa maji baada ya kuulainisha kwenye maji ya moto. Safari hii fulana ilitoka bila doa. Mwisho nikafunga bomba la kutolea maji, nikalipitisha nyuma ya nyumba na kulisakafia kwa saruji, kazi safi ya kudumu.

Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi nikamwita mke wangu alete vitambaa. Alikuja na beseni, akasimama, akaliangalia bomba. Akalifuata kwa macho mpaka kwenye kona ya nyumba.

"Mwalimu," alisema. Mimi kwake ni mzee. Mwalimu huwa ni pale tu ninapokuwa nimekosea. "Maji haya yanaenda wapi?"

"Shimoni."

"Shimo gani?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Vile vitambaa vidogo kati yake ndivyo vya kufutia kikombe cha misa, na kwa heshima ya Sakramenti maji yake ya kwanza humwagwa kwenye udongo safi, hayachanganywi na maji machafu. Jambo hilo nimewafundisha watoto, kisha watoto wa watoto hao. Lakini wiki zote zile nilikuwa nawaza tu jinsi maji yatakavyotoka haraka.

"Katekista mzima," alisema, "unapeleka maji ya kikombe cha Bwana chooni!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikainuka kutafuta patasi ya kuvunjia saruji.

"Acha bwana," akasema. "Maji ya kwanza ni ya kuloweka tu. Kuloweka naweza."

Akaloweka kwenye beseni, akayamwaga taratibu kwenye shina la mgomba, ndipo akavitia vitambaa kwenye pipa. Vilipokwisha kufuliwa, alichomeka ncha ya kitambaa kati ya rola. Kikatoka upande wa pili kimenyooka, karibu kikavu. Akatazama mikono yake, akanitazama mimi.

"Lete kingine."

Alipitisha vyote, kisha vitambaa vya jikoni, kisha shati langu. Kifungo kiliruka mpaka kwa jirani.

Jioni alivipeleka kanisani vikiwa vimepigwa pasi. Mwenyekiti, kama alivyonisimulia baadaye, alivipapasa.

"Nani amekukamulia?"

"Nimekamua mwenyewe. Mzee wangu ametengeneza mashine."

"Basi wa kupumzika ni mimi, simtafuti mwingine tena," alisema mwenyekiti, akafungua kabati la sakristia.

Nyumbani nilikuwa nakusanya spana niliposikia sauti ya mke wangu njiani, akiimba. Alikuwa na furushi kubwa kichwani, kanzu za watumishi wote wa altare.

"Mzee!" aliita hata kabla ya kufika mlangoni. "Washa mota!"